Majibu ya Kreszenz

Tangu Kreszenz alipofariki, Walburga Pichlmayr alikuwa akiipiga konserto ya baba yao, utungo wa kinanda na okestra, nusunusu. Baba, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa moja hapo Vienna, aliwatungia binti zake wawili. Walburga alipewa sehemu ya kinanda kinachoongoza. Kreszenz, kwenye kinanda cha pili, alipiga sehemu zote za okestra, maana sebule yao isingeweza kumeza wapiga fidla. Sasa Walburga alikuwa akipiga sehemu yake, kisha anaweka mikono mapajani na kungoja. Katika kimya kile alimsikia mdogo wake waziwazi, hata ule mtindo wake wa kujibu kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayemalizia kutafuna.

Asubuhi moja jirani wa chini, Wenzel Hrdlicka, Mcheki mpiga zumari, akapanda ngazi na kubisha.

"Bi Walburga, unapiga, unanyamaza, unapiga, unanyamaza. Mke wangu anasema umegombana na kinanda."

"Panaponyamaza ni pa okestra, Bwana Hrdlicka."

"Basi si uite okestra! Sisi tupo, tunapiga miayo. Mei tuna tamasha la asubuhi kule bustani ya Augarten. Njoo na konserto hiyo."

Alikataa. Wenzel akarudi, safari hii na keki za mkewe, akakataliwa tena, keki zikapokelewa. Mara ya tatu Walburga alikubali, kwa kuwa baba yake hakuwahi kuisikia kazi yake ikipigwa kamili.

Siku ilipofika, okestra ilianza peke yake, kwa madaha, huku yeye ameketi mbele ya watu bila la kufanya. Zamu yake ilipofika vidole havikumwangusha. Kisha kikaja kipande cha kati, kile cha polepole, ambamo kinanda huuliza jambo kwa unyonge na zumari hujibu, pale alipokuwa akijibu Kreszenz. Aliuliza. Wenzel akajibu, kwa sauti tamu na nyofu, papo hapo. Walburga alishtuka kama aliyekatizwa maneno. Akauliza tena, zumari likajibu tena, na watu wakaacha kujipepea.

Kipande cha mwisho kilikuwa cha kuchezeka, cha furaha tupu. Watu walishangilia hadi kikarudiwa.

"Umewamaliza!" Wenzel alimwambia akijifuta jasho. "Twende tukale soseji, wenzangu wanakungoja."

"Bwana Hrdlicka, pale katikati, hukuweza kuchelewa kidogo?"

"Kuchelewa?" Wenzel aliangua kicheko. "Nikichelewa mimi watanitupa mtoni, Bi Walburga!"

Naye alitabasamu, akasingizia kichwa kinamuuma, akaenda nyumbani kwa miguu.

Alikaa kwenye kinanda kabla hata ya kuvua kofia. Alipiga swali la kwanza, akaweka mikono mapajani. Katika kimya lilikuja zumari, safi, kwa wakati wake. Alijaribu tena kwa sauti ya chini, kisha akafumba macho akajaribu mara nyingine. Zumari. Mwaka mzima alikuwa na Kreszenz chumbani mle, na asubuhi moja ya makofi ilitosha kumwondoa.

Chini, Wenzel alikuwa amesharudi, akimsimulia mkewe kwa sauti kubwa. Walburga akavua kofia. Akaenda jikoni, akakata mkate, akala akiwa amesimama.