Benchi la Nne

Siku ya kumzika Kinyozi walifika watu kumi na wanane tu, na jeneza lilipokwisha kuteremshwa, hakuna aliyejua la kufanya. Ndugu za marehemu hawakutokea. Walimtenga tangu ujanani, walipojua kwamba anapenda wanaume. Waliofika walikuwa marafiki zake, wengi wao wameonja shubiri hiyohiyo, watu wenye mvi sasa, waliotoka kwenye nyumba za ibada wakiwa vijana na wasigeuke nyuma. Kiongozi wa dini hakuitwa, maana hakuna aliyemjua hata mmoja wa kumwita. Wachimba kaburi wakaegemea makoleo yao, wakisubiri.

Ndipo Bi Makochi alipokohoa, akaanza kuimba.

Jina hilo alilipata kazini. Miaka thelathini na mitano alikuwa akiyavua makochi ya watu vitambaa vilivyochakaa na kuyavika vipya, na mikono yake ilikuwa migumu kama ya seremala. Wimbo alioanza aliuacha kanisani akiwa na miaka ishirini na minne, siku mwalimu wa kwaya alipomvua joho mbele ya wenzake, kisa ameambiwa kwamba binti huyu anampenda msichana mwenzake wa kwayani. Tangu siku hiyo hakuuimba tena. Ajabu, beti zote zilikuwepo kichwani, hakuna neno lililopotea. Kwenye ubeti wa pili wakajiunga watu kumi. Kwenye wa tatu hata Muuguzi, mwanamke aliyeishi naye miaka ishirini na sita na ambaye hakulelewa katika dini yoyote, alikuwa anafuatisha kwa mbali.

Kesho yake asubuhi, wakiwa mezani, Bi Makochi alisema anataka kurudi kanisani.

Muuguzi alimtazama kwanza, apime kama ni utani. "Baada ya yote yale?"

"Mimi sikugombana na Mungu. Niligombana na mwalimu wa kwaya, na yule keshastaafu."

Muuguzi akacheka hadi chai ikampalia. Alisema yeye dini haijamshika na haitamshika, lakini siku ya kwanza watakwenda wote, mtu asije akadhani kuna anayefichwa.

Ikabaki kumwambia Pacha, kaka yake Bi Makochi waliyezaliwa naye siku moja. Utotoni, wakati dada mtu akiwahi mazoezi ya kwaya, Pacha ndiye aliyeburutwa kanisani kwa sikio, na alipofika miaka ishirini akaacha kabisa. Kisha akaoa, akapata mtoto, mtoto akatakiwa kubatizwa, na yeye akapokelewa kwa mikono miwili. Mmoja alikuwa anaingia, mwingine ameshatolewa. Sasa Pacha alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kiti chake mbele na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati.

Aliposikia habari, alifurahi kwanza, halafu akaingiwa na wasiwasi. Akaeleza kwa mzunguko kwamba mchungaji ni mgeni, kwamba watu wana maneno, kwamba mambo mazuri huanza polepole.

"Njoo, dada," akamalizia. "Ila mwenzio mwache nyumbani kwanza."

"Wewe siku unarudi, uliambiwa mkeo umwache nyumbani?"

Pacha akazipanga upya kalamu zake mfukoni.

"Basi tutakuja wawili. Kama kuna wa kunitoa, na anitoe. Safari hii sina miaka ishirini na minne."

Jumapili wakaketi benchi la nne. Mama mmoja aliyekuwa hapo akakusanya mkoba wake, akahama. Bi Makochi akanyoosha miguu na kumnong'oneza Muuguzi kwamba angalau nafasi imepatikana. Kisha akabonyeza mto wa benchi kwa kidole gumba, akaguna: aliyeushona hakujua kazi.

Kabla ya wimbo wa kwanza, mhudumu wa mlangoni akawainamia, akasema kwa sauti ya chini kwamba benchi hilo ni la familia. Wao wangekaa nyuma. Bi Makochi alikuwa na jibu tayari mdomoni, aliposikia viatu vikilia sakafuni. Pacha ameacha kiti chake cha mbele. Anatembea mbele ya kanisa zima, jasho limemtoka kwenye paji la uso. Akaketi kando ya dada yake, akamtazama mhudumu.

"Familia ndiyo hii," akasema.

Mhudumu akarudi mlangoni. Wimbo ukaanza, na Bi Makochi akaingia na sauti ya pili, nzito na iliyonyooka, bila kitabu. Kwayani vichwa vitatu viligeuka.

Ibada ilipokwisha, mchungaji alimfuata, akamweleza kwa upole kwamba habari ya kwaya lazima ipite kikaoni, na kikao kinaweza kuchukua muda. Bi Makochi akamwambia asipate taabu. Joho alishavuliwa, na koo bado analo. Ataimba palepale benchini. Mchungaji akampa mkono.

Njiani Pacha akamshika dada yake mkono. "Unajua, dada, mimi nilifunguliwa mlango hata sijabisha. Ningefungiwa kama wewe, sidhani kama ningerudi."

"Usingerudi," Bi Makochi akakubali. "Ulikuwa mvivu tangu tumboni."

Wakacheka wote watatu. Muuguzi akalalamika kwamba mahubiri yalikuwa marefu kuliko zamu ya wodini, na kwamba sasa amekwisha kuonekana, inatosha.

Jumapili iliyofuata alilala hadi saa nne. Bi Makochi akamfunika vizuri, akaenda peke yake, akachelewa kidogo, akaimba.