Maji ya Kisima na Gogo la Jiwe

Verlin Hruska aliamini kwamba pikapu yake ingeweza kuvuta jimbo zima la Nebraska mpaka Arizona, kisha irudi kuifuata Kansas. Mkewe, Arvella, aliamini kibandiko cha mlangoni: mwisho wa kuvuta ni pauni elfu saba, basi.

"Trela letu ni elfu tano na ushee," alisema Verlin walipoukaribia mlima wa Raton. "Muuzaji mwenyewe alisema."

"Alilipima tupu, mzee. Bila vikaango vyangu vya chuma, bila makopo ya pichi, bila hilo jiwe lako."

Jiwe ndilo lililomtoa Verlin nyumbani mwaka huu. Lilikuwa kipande cha gogo lililogeuka jiwe zamani hizo ambapo, kwa maelezo yake, mijusi mikubwa kuliko kanisa ilikuwa ikijikuna mgongo kwenye gogo hilo. Kila majira ya baridi wastaafu wenzao hukusanyika na matrela yao ya kulala jangwani Quartzsite, Arizona, kuoneshana mawe, na kila mwaka Delmar, jirani yao wa kambi, huondoka na utepe wa bluu wa mshindi. Safari hii Delmar angelia.

Chini ya mlima wakaingia kwenye mizani ya malori. Pikapu ilikuwa imeinua pua hata Verlin akaapa kwamba tangu asubuhi ameona ndege tu, barabara hajaiona.

"Baba, trela limezidi karibu pauni mia tano," sauti ya binti wa mizani ikatoka kwenye spika. "Mlima huo usiupande hivyo."

Arvella akakunja mikono. "Jiwe lishuke."

"Vikaango vishuke!"

"Mayai utakaangia wapi, kwenye kofia? Hebu ngoja. Tangi la maji lina nini?"

Verlin akaangalia viatu vyake. "Maji."

"Kiasi gani?"

"Ya kahawa tu."

Alikuwa amelijaza pomoni, galoni sitini za kisima cha nyumbani, kwa sababu kahawa ya maji ya Arizona, alisema, ina ladha ya soksi.

"Pauni mia tano za kahawa!" Arvella alicheka mpaka akashika mlango. "Chagua, bwana. Kahawa au Delmar alie."

Verlin akavua kofia kama yuko mazishini, akafungua bomba.

Uzito ukakaa sawa, lakini hawakufika mbali. Tangi lilikuwa mbele, jiwe nyuma. Sasa trela, shingo ikiwa nyepesi kwa kukosa maji, likaanza kutikisa mkia kama mbwa aliyeona mfupa. Verlin akapunguza mwendo taratibu, akaegesha pembeni akiwa mweupe kama unga.

"Usiseme," alisema.

"Sijasema."

"Mbele panahitaji kitu kizito."

"Mbele ni kitandani kwangu, Verlin."

Wakalivuta jiwe juu ya blanketi, wakisukuma na kugombana, mpaka likaingia chini ya godoro la Arvella. Trela likatulia. Wakaupanda Raton polepole, malori yakiwapita, na Verlin hakuthubutu kulalamika.

Huko Quartzsite, Delmar alilizunguka lile gogo mara kadhaa, kisha akaenda kulala kabla ya chakula cha jioni.

"Sasa kahawa," alisema Arvella, akimimina. "Ya soksi."

Verlin akanywa vikombe vitatu, apate uhakika kwamba ni mbaya.