Posti ya Mama Haionekani

Mama yetu alipotoka dukani, mimi nilikuwa chumba cha nyuma nakata kitambaa na dada alikuwa mbele anapiga picha gauni. Lilikuwa gauni la bibi harusi, limevalishwa sanamu, na dada alikuwa analizunguka na simu akitafuta mwanga. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Dada alipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu.

Akili za mama zilikuwa zimeanza kwenda na kurudi tangu baba afariki. Siku nyingine anaamka mzima kabisa, anatusema kwa mishono ya ovyo, siku nyingine ananiita mimi kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani. Ndiyo maana kila siku tulikuwa tunakuja naye dukani. Hatukutaka abaki nyumbani peke yake.

Tulikimbia, mimi huku, dada kule. Tuliuliza kwenye duka la dawa, kwa muuza viatu vya mitumba, kwa wanaoosha magari. Mmoja alisema amemwona bibi mwenye gauni la kijani akielekea kituo cha mabasi, na kituoni hakuna aliyemkumbuka. Kituo cha polisi walituandikia maelezo, wakatuambia turudi nyumbani tukasubiri, pengine atarudi mwenyewe. Mimi nilitoka pale nalia. Dada ndiye aliyenishika bega.

"Usilie, mdogo wangu. Ukurasa upo. Saa hizi naweka picha yake, jioni tunaye."

Alisema kwa uhakika kabisa, na mimi nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Huo ukurasa wenyewe, niseme tu, nilikuwa siupendi. Mwanzoni ulikuwa raha. Dada alikuwa anaweka video za mikono yake ikipiga pindo huku anaongea, anawatania maharusi wanaonenepa wiki ya mwisho, na maharusi wenyewe wanamjibu mapigo hapo hapo. Watu walikuja dukani wakicheka kabla hawajaingia. Kisha mambo yakapoa. Akaanza kuweka picha tu, gauni na bei, gauni na bei, watu wakawa wanapita. Badala ya kujiuliza kwa nini wanapita, dada alitafuta njia ya mkato. Akanunua wafuasi, maelfu ya majina yasiyo na sura, halafu akajiunga na kikundi cha wafanyabiashara kinachoitwa Tuinuane.

Sheria ya Tuinuane ilikuwa moja. Mwenzako akiweka posti, wote mnaingia mbio mnalaiki na kuandika maoni, maana waliamini posti ikipata maoni haraka mtandao unaisukuma mbele. Anayechelewa anatukanwa na mwenyekiti, mwanamke mmoja muuza mikoba mwenye sauti ya honi. Wote walikuwa na sentensi zao tayari kwenye simu, wananakili na kubandika. Dada alikuwa anafanya hivyo hata akiwa na pini mdomoni. Mara nyingi nilimwona anamwandikia mtu "Nimeipenda sana hii" bila kutazama kama ni sufuria au ni nini.

Basi akaweka picha ya mama. Ilikuwa picha nzuri, mama anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa. Chini yake dada aliandika kwamba amepotea, alivyovaa, na namba zetu. Akashusha na msururu wa hashtegi, zile zile anazoweka kwenye magauni, kwa mazoea tu.

Maoni yakaanza kumiminika. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti: "Kazi nzuri dada, mzigo upo?" Wa pili: "Nimeipenda sana hii." Wa tatu akauliza bei.

Nilimpokonya dada simu nikataka kuwaporomoshea matusi, akanizuia. Aliwaandikia kwenye kikundi kwamba hii si biashara, ni mama yake mzazi amepotea. Mwenyekiti akajibu haraka, "Yesu wangu, samahani sana, sikusoma." Wakafuta. Kisha wote wakaandika "Pole sana dada, Mungu atatenda," sentensi ile ile, kwa herufi zile zile, kama wanajibu maombi kanisani.

Dada alihesabu maoni na uso wake ukalegea kidogo. "Unaona? Watu wanaiona."

"Watu gani?" nilimuuliza. "Hao ndio wale wale."

Dada aliiweka posti tena. Akaiweka tena. Kila ikipita saa anaiweka upya, picha ile ile na maneno yale yale, na mimi nikaenda kuzunguka mitaani na picha mkononi mpaka soli ya kiatu ikaachia. Tulizunguka hospitali zote kubwa. Usiku wa siku hiyo hakuna aliyelala, na hakuna aliyepiga simu.

Asubuhi yake alikuja binamu yetu, mtoto wa shangazi, ambaye kazi yake ni kutangaza biashara za watu mitandaoni. Alikuja kwa ajili ya mama, maana mama ndiye aliyemlea miaka miwili shangazi alipokuwa mgonjwa. Alikaa kwenye meza ya kukatia, akaomba simu ya dada, akaingia mahali panapoonyesha posti imefika kwa nani. Dada alikuwa amesimama nyuma yake kama mwanafunzi anayesubiri majibu ya mtihani.

"Dada, hii posti imeonwa na watu wachache kuliko waliopo mtaa huu," binamu akasema. "Mdogo wako hapa dukani, wenzako wa kikundi, na majina ya bandia uliyonunua. Basi."

"Mbona maoni ni mengi?"

"Ndiyo tatizo lenyewe. Mtandao haujui mama ni nani, haujui gauni ni nini. Unatazama nani anasimama kusoma na nani anapita. Miezi yote hii umeufundisha kwamba watu wako ni hawa arobaini wa kikundi. Wao wanaingia, wanabandika, wanatoka, hakuna anayesoma hata mstari. Na yale maelfu ya bandia hayasomi kabisa. Kwa hiyo ukiweka kitu, mtandao unawaonyesha hao kwanza, unaona hakuna aliyesimama, unasema hii takataka, unaificha. Na wewe ukairudia na kuirudia. Kila ukirudia unaonekana kama wale wanaosumbua watu."

"Sasa wateja wangu wa kweli?"

"Wapo. Wanakufuata bado. Ila hawakuoni tena, muda mrefu sasa."

Dada alikaa chini. Mimi nilikuwa nimefurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba kuna mtu ametamka nilichokuwa nakiona. Nikauliza, "Inatibika?"

"Inatibika, ila si kwa maombi." Binamu alimgeukia dada. "Toka kwenye kikundi, leo, sasa hivi. Futa hizo posti zote za kurudiarudia. Toa wafuasi wa kununua, tusaidiane, tutafuta wengi tuwezavyo. Halafu ujirekodi mwenyewe, sura yako, sauti yako, kama ulivyokuwa unafanya zamani. Useme mama ni nani. Usiweke hashtegi za harusi. Kisha tunawaandikia wateja wako mmoja mmoja, wale unaowajua kwa majina, tunawaomba waandike kitu chao wenyewe kuhusu mama, wamtumie na mtu mwingine hiyo video. Kila anayeandika, unamjibu. Watu wakisimama kusoma, mtandao nao utasimama."

Nilimtazama dada. Nilidhani ataruka kwenye simu. Dada alianza kukunjakunja utepe wa kupimia kwenye vidole.

"Nikitoka Tuinuane hawanirudishi," akasema. "Ndio wanaonibeba. Na nikifuta wafuasi, ukurasa unabaki na nini? Miaka yote hii."

"Dada," nikasema.

"Wamesema watashea wote leo. Mwenyekiti ameahidi. Tusubiri leo tuone. Kesho kama hakuna kitu, nitatoka."

"Kesho?" Sauti yangu ilipanda mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. "Mama yuko nje huko hajui hata jina lake, wewe unasema kesho? Unawaogopa wauza mikoba?"

"Usinipigie kelele! Unadhani mimi simtaki mama? Wewe umefanya nini zaidi ya kutembea?"

Binamu alijaribu kutuamua. Mchana kutwa walibishana, yeye kwa upole, dada kwa machozi. Niseme haki yake pia: hakuwa anapenda ukurasa kuliko mama. Alikuwa anaamini ile namba. Namba kubwa ilikuwa imemshika mkono kila asubuhi kwa miaka, imemwambia yupo na watu wanamjua, na siku aliyowahitaji watu hakuweza kukubali kwamba hawapo. Lakini wakati ule sikuyaona hayo. Wakati ule nilikuwa namwona tu mtu anayeng'ang'ania simu, na nilimchukia.

Tuinuane walishea kweli. Kila mmoja aliweka picha ya mama kwenye ukurasa wake, katikati ya viatu na vipodozi, ambako nako wanaotazama ni wale wale arobaini. Picha ya mama ikazunguka humo humo siku nzima, wakipeana pole wao kwa wao. Simu haikulia.

Siku ya tatu, kumekucha tu, dada alikuja chumbani kwangu macho yamevimba. Alinionyesha simu. Alikuwa ametoka kwenye kikundi. Hakusema samahani, na mimi sikuiomba.

Tulikaa wote watatu dukani, mlango umefungwa, tukafanya alivyoelekeza binamu. Dada alijirekodi mara moja tu. Hakupaka hata poda. Alisema mama yake ndiye aliyemfundisha kushika sindano, kwamba alikuwa anampiga vidole kwa rula akishona mshono mpana, kwamba sasa anasahau njia ya kurudi nyumbani, na kwamba gauni la kijani alilovaa mama ni yeye dada aliyemshonea. Sauti ilimkatikia mwishoni, akaacha ilivyo. Kisha tukagawana wateja, tukawaandikia mmoja mmoja.

Wa kwanza kujibu alikuwa mwanamke tuliyemshonea zamani. Aliandika kwamba anamkumbuka bibi huyo, alimwambia kiuno chake kitamrudia akizaa, na hakikurudi. Mwingine akaandika kwamba mama alimpa chai siku aliyokuja kulia kwa sababu mchumba amemkimbia. Maneno ya watu, kila mtu na lake. Dada alikuwa anajibu huku machozi yanadondoka kwenye kioo cha simu. Binamu alikuwa anaangalia kule kwenye takwimu zake, akasema taratibu, "Inatembea." Baada ya muda akasema, "Inakimbia." Watu tusiowajua wakaanza kushea. Simu zikaanza kulia, huyu amemwona bibi sokoni, yule amemwona kwenye daraja, na sisi tunaandika mahali, tunapanga nani aende wapi. Kwa mara ya kwanza tangu apotee, nilisikia njaa.

Adhuhuri alipiga simu mwanamke mmoja mwenye sauti ya chini. Alisema ni muuguzi kwenye zahanati ndogo, huko mabasi yanakogeuzia, nje kabisa ya mji. Alisema ameona video sasa hivi.

"Yupo kwako?" dada akapiga ukelele. "Yupo? Ni mzima?"

"Njooni," muuguzi akasema. "Njooni wawili."

Dada hakusikia hilo neno, au hakutaka kulisikia. Njia nzima alikuwa ananiambia tutamnunulia mama viatu vipya, vya kamba, visivyochomoka. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake, nawaza lile neno "wawili".

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu na benchi refu nje. Muuguzi alikuwa anatusubiri mlangoni. Alikuwa mdogo kiumri, na alipomwona dada alitaka kutabasamu akashindwa. Alituketisha kwenye benchi, akasimama mbele yetu, akatuambia.

Mama aliletwa siku ile ile aliyopotea. Dereva wa basi alimkuta kwenye kiti cha nyuma mwisho wa safari, hataki kushuka, amekaukiwa maji na moyo unamwenda mbio. Walimtundikia dripu. Taarifa walipeleka kituo cha polisi cha huko kwao, ambacho hakikuwa na habari yoyote ya mtu aliyepotea. Jana aliamka vizuri, akanywa uji, akaongea. Leo alfajiri moyo ukasimama.

Dada hakulia. Alikuwa anamtazama muuguzi mdomo wazi.

"Nilimtafutia ndugu," muuguzi akasema. "Jana mapumziko yangu yote nilikuwa kwenye simu, napekua kila mahali, naangalia kama kuna mtu anamtafuta. Na wewe ninakufuata, dada, tangu uliponishonea gauni langu la harusi. Ningeona. Mbona hamkutangaza mapema?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeumia.

"Tulitangaza," nikasema mimi. "Tangu siku ile ile."

"Mimi sikuona kitu," akasema, na yeye ndiye akaanza kulia.

Dada akauliza mama alikuwa anaongea nini jana. Muuguzi alijifuta macho. Alisema kuna jina moja alikuwa analiita, wao walidhani ni mawazo ya mgonjwa, maana si jina la mtu. Alikuwa anaita, "Kifungo. Kifungo, njoo unipeleke nyumbani."

Kifungo ni dada. Mama alimpa hilo jina akiwa mtoto, baada ya kumeza kifungo cha shati la baba, na nje ya nyumba yetu hakuna aliyelijua.

"Jana wakati gani?" dada akauliza.

"Mchana kutwa," muuguzi akasema.

Kwenye mapaja ya dada simu ilikuwa inaendelea kulia, watu bado wanashea. Hakuigusa. Hakunitazama mimi, na mimi nilitazama chini, kwa sababu sote wawili tulijua jana mchana kutwa alikuwa anafanya nini. Alikaa hivyo mpaka simu ikaisha chaji. Kisha akasimama, akajinyoosha gauni, akamwomba muuguzi amwonyeshe chumba ni kipi.