Mpira Unaojizungusha

Vuuuuu! Sauti ilianza chini kama nyuki walioudhiwa, ikapanda mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Kisha, tap! Mpira wa njano ukapita juu ya meza za ukaguzi, ukatumbukia kikapuni upande wa pili wa ukumbi bila hata kugusa ukingo.

"Zima!" mkaguzi alisema.

Mdogo wangu akaizima roboti yetu. Yeye ndiye aliyeubuni mtambo wake wa kurushia mpira. Mimi nilikata vyuma na kuchomelea. Fainali ya mashindano ya roboti ilikuwa inakaribia kuanza, na bila kibali cha mkaguzi tungeitazama tukiwa tumekaa jukwaani.

Mkaguzi akalielekezea gurudumu la kurushia kipimo chake. "Sheria inasema mpira usitoke kwa zaidi ya mita kumi kwa sekunde. Ukingo wa gurudumu lenu unakwenda kumi na nane."

"Wezi wa kasi!" alipaza sauti nahodha wa wapinzani wetu. "Rudini nyumbani mkarushe mawe!"

Damu ikanichemka. "Wewe tungoje uwanjani!" Nikamgeukia mkaguzi. "Mwalimu, gurudumu ni gurudumu, mpira ni mpira!"

"Kaka, shusha pumzi," mdogo wangu akasema. "Nipe rula."

Akalaza chupa tupu mezani, akaweka rula juu yake, akaisukuma taratibu. Chupa ikabiringika. Rula ilikwenda shibiri mbili. Chupa ikaenda moja tu.

"Meza ndiyo hili bati letu lililopinda. Rula ni gurudumu. Chupa ni mpira, umebanwa katikati. Gurudumu likienda kumi na nane, mpira unatoka kwa tisa. Kasi iliyobaki inauzungusha."

"Mbona unafika mbali hivyo?"

"Unajizungusha kinyumenyume, mwalimu. Hewa inaubeba, ndiyo maana hauanguki upesi."

Mkaguzi hakubishana. Aliagiza kamera, tukarusha tena mbele ya ubao wenye mistari, naye akaitazama picha moja baada ya nyingine huku akinong'ona hesabu zake. Tisa kasoro kidogo! Nilimgeukia yule nahodha kumtupia neno, nikamkuta ameinama anafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Lakini mkaguzi alikuwa bado hajamaliza. Alipitisha dole gumba ndani ya bati. "Na mpira ukiteleza hapa?"

Tabasamu langu likakauka. Mdogo wangu hakupepesa jicho.

"Ukiteleza hauzunguki vizuri, na kasi inaweza kupita kumi. Ndiyo maana nimegundisha hapo ukanda wa tyubu ya baiskeli. Unauchubua mpira kidogo, lakini unaushika."

Angeweza kukwepa swali lile. Hakukwepa, na kifua kikanijaa fahari kuliko kwa mpira wowote ulioingia kikapuni siku ile.

Mkaguzi akabandika stika ya kijani kwenye fremu, ila kidole chake kikabaki juu yake. "Gundi ikiachia katikati ya mchezo, nani ataniambia?"

Nikaichukua rimoti mezani.

"Mimi, mwalimu," nilisema, kwa sauti ya kumfikia hata yule nahodha aliyetuita wezi. "Ukanda ukibanduka hata upana wa ukucha, nitauzima mtambo huu kwa mkono wangu mwenyewe, hata kama tunaongoza, hata kama umebaki mpira mmoja. Nakuahidi, na huyu mdogo wangu anasikia."