Aliyekuwa Akimzima Nerima

Laker alisimama juu ya paa la ghorofa yao Bukoto, Kampala, katikati ya nguo zilizoanikwa, mkononi ana antena aliyoiunda kwa vipande vya utepe wa chuma wa kupimia wa fundi. Alikuwa anaingoja setilaiti ichomoze upande wa Mbuya, na leo hakuwa tayari kushindwa. Rafiki yake Nerima, aliyekuwa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, kesho angerudisha redio ya kuazima. Tangu Nerima apate leseni ya redio hakuna aliyewahi kumjibu hewani, na Laker alikuwa ameapa kuwa wa kwanza.

Setilaiti ile ni kama sinia moja la wali. Wanaozungumza kupitia kwake hugawana nguvu zake, na anayepaza sauti kupita kiasi hula mafungu ya wenzake. Wiki nzima Nerima alilalamika kwenye simu: kila akiita, kuna jitu linakula sinia zima, naye anazama. Laker alilichukia jitu hilo kwa moyo wote. Halina haya, halina malezi.

"Leo tutamunyamazisha," alisema baba yake, Mzee Ogwang, askari mstaafu, akiipapasa amplifaya, ile mashine ya kuongeza nguvu waliyoitumia wiki nzima kumwita Nerima. "Kwa jeshi, mwenye pawa ndio anasikika."

Tofauti ya leo ilikuwa moja. Jirani yao Mkenya, Oduor, alikuwa amewapa redio ya pili ya kusikilizia, maana redio ya Laker huziba masikio inapoongea.

Setilaiti ikachomoza. Sauti ya Nerima ikaja, nyembamba lakini safi. Laker akabonyeza na kumjibu, huku akisikiliza redio ya Oduor. Alichokisikia kilimkata maini. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inanguruma kando kabisa kwenye masafa, mbali na pale Nerima alipokuwa akisikiliza, na sauti ya Nerima ikazama chini yake. Alipoachia, Nerima akaibuka. Akabonyeza tena, akazama tena.

Jitu lilikuwa yeye.

Aibu ilimwasha usoni, lakini muda wa kulia haukuwepo. Akachomoa waya wa amplifaya.

"We Laker! Unafanya nini? Sauti itapotea!"

"Baba, wacha kwanza. Ni sisi tunamuziba."

Akashusha nguvu hadi mwisho. Akaita kidogo kidogo, akizungusha kitasa cha masafa taratibu, mpaka sauti yake ikaketi kando ya ile ya Nerima bila kuisukuma. Setilaiti ilikuwa imeanza kuinama. Mzee Ogwang alijiumauma midomo, mkono unamwasha kuurudisha ule waya.

"Nerima, Nerima, ni Laker, Kampala."

Nerima akaibuka: "Laker! Nakusikia vizuri! Yule mtu mbaya ameenda?"

Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angejua.

"Ni mimi, Nerima. Wiki yote ni mimi. Nisamehe, bambi, tafadhali."

Redio ilikoroma. Laker akaishikilia antena kwa mikono miwili, akiifuata setilaiti hadi ukingoni mwa paa.

"Wewe!" Nerima alikuwa anacheka, sauti inakatika. "Sawa... lakini umekuwa wa kwanza."

Mzee Ogwang aliibeba amplifaya, akaanza kushuka nayo ngazi bila kuambiwa.