Mabara Saba Ukutani Kizota

Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Novemba mwaka 1955, Mwajabu alikuwa akirudi nyumbani Kizota, kando ya mji wa Dodoma, kutoka darasa la akina mama, kichwani ana mzigo wa kuni na mdomoni ana jina la mji mkuu wa Australia. Alilitamka njia nzima, taratibu, kama mtu aonjaye asali: Canberra, Canberra. Mwaka uliotangulia alikuwa bado akiweka dole gumba penye jina lake. Sasa alijua kwamba upande wa chini wa dunia lipo bara ambalo lote ni nchi moja, na kwamba watu wake waliujenga mji mpya kabisa uwe mji mkuu, kwa sababu miji yao miwili mikubwa ilikuwa ikigombea heshima hiyo. Jambo hilo lilimchekesha na kumstaajabisha kwa pamoja. Kumbe hata miji huoneana wivu kama wake wenza!

Alikaza mwendo. Alitaka kumsimulia binti yake Kuluthumu kabla ya jioni, kwa maana jioni hiyo ndiyo ingeamua mambo.

Siku mbili nyuma, wifi yake Mwanaidi alikuwa amefika kwa basi kutoka Kolo, mbele ya Kondoa. Alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mjane, mwenye mbuzi wengi na magoti mabovu, na alikuja kwa shabaha moja: kumchukua Kuluthumu akamsaidie kuchunga. Msichana anamaliza darasa la nne, anajua kusoma barua, basi anataka nini tena? Mwalimu Emilia, aliyewafundisha wasichana na mama zao pia, alikuwa amemwombea Kuluthumu nafasi katika shule ya kati ya wasichana. Uamuzi ulikuwa wa baba, ambaye tangu zamani alikuwa amemwahidi dada yake msaada. Mustapha alikuwa huko upande wa Manyoni na kikosi cha kutengeneza njia ya reli, naye alituma neno: "Narudi Alhamisi jioni. Binti anionyeshe shule imempa nini. Nikiona ni kukariri kama kasuku tu, Ijumaa alfajiri apande basi na shangazi yake. Nikiona kuna kitu, tutasema."

Hapo ndipo Mwajabu alipoifikiria ile kazi yake ya ukutani.

Kwa majuma kadhaa, yeye na Kuluthumu walikuwa wakiichora dunia kwenye ukuta wa ndani wa nyumba yao ya tembe. Karatasi hawakuwa nayo, wala rangi za dukani, lakini udongo wa nchi hii una rangi nyingi kwa mtu anayejua pa kuchimba. Afrika waliipaka udongo mwekundu wa Kizota. Asia, bara kubwa kuliko yote, ilikula udongo wa manjano ndoo nzima. Ulaya ilipakwa majivu, Amerika ya Kaskazini na ya Kusini zikapakwa makaa yaliyosagwa, Australia vumbi la matofali. Bara la barafu lililo chini kabisa, Antaktika, walilipaka chokaa.

Bahari ndizo zilizoleta taabu, mpaka Mwajabu alipokwenda dukani kwa Sultanali kununua buluu ya kufulia. Alinunua nyingi mno, hata Bi Shirin, mke wa mwenye duka, akashangaa.

"Mama Kuluthumu, unafua nguo za mji mzima?"

"Sifui nguo, Bi Shirin. Nafua bahari zote."

Bi Shirin alicheka, kisha alipoelezwa akaacha kucheka. Akauliza kama Pakistani nayo imo. Mwajabu akamjibu kwamba imo, na mji wake mkuu ni Karachi. "Huko ndiko alikozaliwa mama yangu," alisema Bi Shirin, akamwongezea kipande cha buluu bila bei. "Uipake vizuri bahari ya hapo."

Ndiyo maana Mwajabu alirudi siku ile na moyo mkunjufu. Mumewe hakuwa ameuona ukuta ule bado. Angeingia, angeiona dunia nzima imesimama mbele yake, na Kuluthumu angeishika fimbo na kuitembeza bara kwa bara.

Alitua kuni mlangoni, akainama kuingia, akasikia harufu ya udongo mbichi.

Ukuta ulikuwa mwekundu wote. Ulikuwa laini, umenyooka, unang'aa kwa maji, hauna Asia wala Ulaya. Mbele yake alikuwa ameketi Mwanaidi, mikono imejaa tope hadi kwenye viwiko, akimalizia kona ya mwisho kwa kiganja.

"Karibu, wifi," alisema Mwanaidi bila kugeuka. "Usiniambie asante. Nimeona aibu kwa niaba yako. Paa limevuja hivyo, ukuta umetoka madoa ya kila rangi, na mwenye nyumba anarudi leo! Nikasema, siwezi kukaa kwa ndugu yangu nikakunja mikono."

Ni kweli kwamba paa la tembe ni la udongo, na likivuja, maji huteremka ukutani yakiacha mabaka mekundu, meusi na ya kijivu. Ni kweli pia kwamba, kwao Kondoa, mwanamke anayekuja kukaa kwa ndugu yake husiriba ukuta wake kwa udongo mpya kabla ya mvua, na kazi hiyo ni heshima kwa nyumba. Mwajabu aliyajua yote hayo. Hata hivyo hasira ilimpanda, naye akadhani jambo baya: kwamba wifi yake amefanya makusudi.

"Wifi," alisema, "yale hayakuwa madoa."

"Ni nini basi?"

"Ilikuwa dunia."

Mwanaidi aligeuka akamtazama kama anayetazama mgonjwa wa homa. "Dunia gani, wewe?"

Hapo Kuluthumu aliingia kutoka shuleni. "Shikamoo, shangazi," alianza, kisha macho yake yakaufikia ukuta. Hakulia kwa sauti. Alikaa tu chini, akaficha uso kwenye kanga ya mama yake, na mabega yakawa yanapanda na kushuka.

Mwanaidi hakuitikia salamu. Alimtazama mtoto, akautazama ukuta, akaitazama mikono yake. Alipofumbua mdomo, ukali wake wa kawaida ulikuwa umekwisha.

"Yalikuwa maandishi yenu?"

"Ilikuwa picha ya mabara yote, shangazi," Kuluthumu alijibu akiwa bado kwenye kanga. "Nilikuwa nimwonyeshe baba."

"Wallahi sikujua. Mimi niliona uvujaji." Akajifuta tope mikononi. "Mama Kuluthumu, usinitazame hivyo. Nimekuja kumwomba mtoto, sikuja kumwibia."

Mwajabu aliyaona macho ya wifi yake, akajua kwamba anasema kweli, na ile dhana mbaya ikamtoka na kumwacha na haya. Lakini jua lilikuwa limekwisha kupita katikati, buluu ilikuwa imekwisha, na udongo wa manjano unachimbwa mbali.

Mwanaidi aliukandamiza ukuta kwa kidole. Kidole kikazama kidogo, kikaacha shimo.

"Bado haujakauka," alisema. "Rangi sina, lakini tope ninalo. Niambieni bara la kwanza lina umbo gani. Kolo nzima hakuna mwanamke anayenishinda kukandika."

Mwajabu na binti yake wakatazamana. Kisha Kuluthumu akafuta uso, akasimama, akachora kwa ncha ya kijiti umbo la Afrika: pana juu, limetokeza pembe upande wa mashariki, limepungua kuelekea chini.

"Kama fuvu la ng'ombe," alisema Mwanaidi, akachota tope. Alilijenga bara lile likatoka nje ya ukuta kwa unene wa kidole, ukingo wake umekatwa safi. "Milima iko wapi?"

"Kilimanjaro hapa, shangazi."

Mwanaidi akaubana udongo kwa vidole viwili, Kilimanjaro ikasimama. Mwajabu alishusha pumzi kwa mshangao. Dunia yao ya kwanza ilikuwa ya kutazama tu. Hii mtu aliweza kuishika.

Walifanya kazi hivyo alasiri nzima. Mwanaidi alikuwa na maswali kuliko wanafunzi wa darasa zima, na kila swali Kuluthumu alilazimika kulitafutia maneno ambayo mtu asiyesoma ataelewa.

"Bara ndiyo nchi?"

"Hapana, shangazi. Bara ni kama ukoo mzima. Ndani ya ukoo kuna nyumba nyingi, hizo ndizo nchi. Na kila nyumba ina chumba ambamo wakubwa hukaa na kushauriana. Huo ndio mji mkuu."

"Ah! Sasa umesema. Basi Ulaya ni ukoo mdogo wenye nyumba zilizobanana."

"Ndiyo. Uingereza, London. Ufaransa, Paris. Italia, Roma."

"Na hawa wadogo ndio wanaotutawala sisi wenye eneo lote hili?" Mwanaidi alipima kwa mkono Afrika, akapima Ulaya, akaguna. "Haya. Tuendelee."

Kwa miji mikuu Mwajabu alileta kunde, wakazichomeka moja moja katika tope: Cairo ya Misri, Addis Ababa ya Uhabeshi, Monrovia ya Liberia, Delhi ya India, Tokyo ya Japani, Ottawa ya Kanada, Washington ya Marekani. Canberra aliichomeka Mwajabu mwenyewe, akawasimulia ugomvi wa miji ile miwili. Mwanaidi alicheka hadi akashika mbavu. Walipofika Tanganyika, Kuluthumu alichomeka kunde pwani, Dar es Salaam. Shangazi yake akachukua nyingine akaichomeka katikati.

"Na hii Dodoma."

"Shangazi, Dodoma si mji mkuu!"

"Nani kasema? Mimi nimeshuka kwenye basi nikaona mji mkubwa, kuna stesheni, kuna maduka, kuna upepo wa kumwangusha mtu. Iache hapo."

Waliiacha.

Mustapha alifika jua likiwa linaelekea kuzama, vumbi la reli limemjaa nywele. Alisalimia, akanawa, akaingia ndani, akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akausogelea ukuta, akaigusa Asia kwa mkono wake mgumu, akaipapasa milima ya Himalaya ambayo dada yake alikuwa ameinyanyua kwa fahari kuliko yote.

"Hii ni nini?"

"Muulize mwanao," alisema Mwanaidi. "Mimi ni fundi tu."

Mwajabu alikaa mlangoni, mikono ameibana mapajani. Alitamani kumsaidia mtoto hata neno moja, akajizuia.

Mustapha hakutaka kusikia orodha. Aliweka kidole katikati ya Tanganyika. "Mimi natengeneza reli hii. Naijua hadi Kigoma, na Kigoma ndiyo inapoishia. Baada ya hapo kuna nini?"

"Kuna Ziwa Tanganyika, baba," alijibu Kuluthumu, na kidole chake kikaanza kutembea. "Ukivuka unafika Kongo ya Wabelgiji, na mji mkuu wake ni Leopoldville. Ukiendelea magharibi unafika Bahari ya Atlantiki. Unaivuka kwa meli, unashuka Brazil."

Wakati huo mji mkuu wa Brazil ulikuwa Rio de Janeiro, naye akautaja, akasema kwamba huko wanalima kahawa kuliko nchi yoyote.

"Halafu?"

"Unapita Amerika ya Kusini hadi Peru. Mji mkuu ni Lima. Mbele yako ni Bahari ya Pasifiki, kubwa kuliko zote. Unasafiri siku nyingi bila kuona mtu, kisha unafika Australia."

"Halafu?" Sauti ya Mustapha ilikuwa imebadilika.

"Unavuka Bahari ya Hindi, unatia nanga Dar es Salaam. Unapanda treni yako, baba, unashuka Dodoma, unatembea hadi hapa Kizota. Mama anakupa maji ya kunawa."

Mustapha, ambaye tangu ujana wake aliamini kwamba njia huishia Kigoma, alibaki ameukazia macho ukuta. Hatimaye akaonyesha chini kabisa.

"Na huku?"

"Antaktika. Ni barafu tupu. Hakuna nchi wala mji mkuu. Hakuna mtawala."

"Hata jumbe wa kudai kodi hakuna?" aliuliza Mwanaidi.

"Hakuna, shangazi."

"Mustapha, tuhamie huko!"

Wote walicheka, na Mustapha akacheka zaidi kuliko wote. Kisha uso wake ukatulia, akamgeukia dada yake. "Dada, hili nililoliona si kasuku. Lakini nilikuahidi msaada, na wewe ni mkubwa wangu. Siwezi kukunyima. Sema wewe."

Mwanaidi alisugua tope lililokauka viganjani, polepole, akimtazama msichana.

"Magoti yangu bado yanauma," alisema, "na mbuzi hawatajichunga. Lakini jirani yangu Abbasi ana wasichana wawili wakubwa ambao wanashinda wakigombana. Nitampa maziwa, watanichungia. Huyu akachunge mabara yake. Mama Kuluthumu, kwa sharti moja: likizo aje Kolo. Leo nimezishika nchi za watu wengi kwa mikono hii, na nyingine sijaambiwa hata jina."

Mwajabu alisimama akamkumbatia wifi yake, tope na yote, hakujali kanga yake. Alfajiri ya Ijumaa Mwanaidi alipanda basi la Kondoa peke yake, na abiria wenzake walisema kwamba hadi linafika Kolo alikuwa akiwauliza kama wanajua mji mkuu wa Peru.

Nawe uliyefika hapa kwenye maneno haya, usiyakunje ukayaweka. Mwite mtoto aliye karibu, wako au wa jirani, umsomee kwa sauti. Kisha mwambie naye amsimulie mwingine ambaye bado hajasikia kwamba njia haiishii Kigoma.