Bahasha ya Msumari

Mwalimu wa fizikia aliitwa Msumari kwa sababu hakuwa na neno laini hata la kuazima. Na ndiye huyo, kati ya walimu wote, aliyetakiwa kumwandikia binti mmoja, mwanafunzi wake, barua. Chuo cha ng'ambo kilikuwa kimeiona D yake ya fizikia, kikataka maelezo ya mwalimu aliyempa, ndani ya bahasha iliyogundishwa na kupigwa muhuri kwenye kifuniko. Ikifika imefunguliwa, inatupwa, na ombi la masomo linatupwa pamoja nayo.

"Ipeleke ilivyo," Msumari alimwambia akimkabidhi. Hakutabasamu, ila hilo halikuwa jipya.

Ofisi ya vifurushi ilifunga saa kumi. Saa saba binti alikuwa saluni kwa shangazi yake, bahasha mapajani.

"Kwa hiyo hujui kaandika nini?" shangazi aliuliza, vidole havijaacha kusuka kichwa cha mteja.

"Sijui, shangazi."

"Mtu aliyekupa D, leo ndiyo akusifie? Mwanangu, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

Shangazi alikuwa na dawa ya kila kitu, hata ya visivyouma. Akawasha birika la umeme. Binti angeweza kukataa, lakini aliiogopa ile barua kuliko alivyoliogopa birika. Mvuke ukapanda, kifuniko kikalegea, na wino wa muhuri ukaanza kuchuruzika, wa zambarau, mpaka kwenye kidole chake.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. "D hii ni ya haki, nimempa mwenyewe. Muhula wa pili nilikosea kujumlisha, nikampa alama tisa zisizo zake. Alirudi ofisini kuniomba nizipunguze. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, hajatokea mwingine. Fizikia mtamfundisha. Uaminifu tayari anao."

Shangazi akaacha kusuka. Mteja, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema, "Maskini."

"Gundi ya kope ipo," shangazi akasema, sauti imeshuka. "Na muhuri tunauchora kwa wanja wa zambarau. Nani atajua?"

Binti aliwaza mambo mawili, na yote yalimtisha. Akiupaka wanja, kuna mtu ng'ambo ataiinua bahasha kwenye mwanga na kila kitu kitaishia hapo. Akirudi kwa Msumari, kitaishia hapa hapa, mbele ya macho yake. Maji yalikwisha kumwagika. Alichukua bahasha akarudi shuleni.

Msumari alikuwa peke yake katika chumba cha walimu, anasahihisha madaftari.

"Nimeifungua, mwalimu."

Aliitazama bahasha iliyojikunja kwa mvuke, akautazama wino kwenye kidole.

"Nani mwingine kasoma?"

"Shangazi. Na mteja wake kasikia."

"Kwa nini umefungua?"

"Niliogopa."

Msumari alisogeza madaftari kando. Aliitoa barua, akaikunjua mezani, akachukua kalamu. Mkono wa kushoto aliuweka kama anayezuia jirani asinakili mtihani. Akaandika mistari miwili chini ya sahihi yake. Huenda ilikuwa mitatu. Akatia barua katika bahasha mpya, akaigundisha, akapiga muhuri mara mbili.

"Sasa ni saa tisa na nusu," alisema, akarudia madaftari yake.

Binti alikimbia. Mara mbili njiani alisimama, akaiinua bahasha dhidi ya jua, na mara zote mbili akaishusha kabla macho hayajafika. Alitaka kulia. Mistari ile ingeweza kumpeleka, ingeweza kumzika, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza.

Kwenye ofisi ya vifurushi, karani alivuta fomu.

"Ndani kuna nini?"

"Barua ya mwalimu wangu."

"Inahusu nini?"

Binti aliitazama bahasha.

"Inanihusu mimi," akasema, "ila mwisho wake siujui." Karani akanyoosha mkono kuipokea bahasha, akalazimika kuvuta, maana vidole vya binti vilikuwa bado vimeishikilia.